Soma Jina Lote, Hata Foleni Ikiwa Ndefu

Mimi ni wakala wa kuweka na kutoa pesa kwa simu, Mbagala Rangi Tatu. Mwaka wa tisa huu, kibanda kilekile, mwavuli wa tatu. Watu wakizungumzia jinsi teknolojia inavyobadilisha maisha ya Dar, husikii ila treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, au akili mnemba. Sawa. Mabadiliko niliyoyaona mimi yako kwenye kioo cha kitochi: mistari sita ya maandishi, na mama muuza samaki anayeikodolea macho huku kidole chenye magamba kikitafuta kitufe cha 1.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa namtumia fundi 85,000 ya milango. Kabla ya kuniomba namba ya siri, menyu ikanionyesha jina la mpokeaji. Nikaona "Juma". Fundi wangu ni Juma. Nikabonyeza. Jina la pili sikulisoma, foleni ilikuwa imefika barabarani na kijana mmoja alikuwa anagonga sarafu kwenye meza yangu. Dakika kumi baadaye fundi akapiga: "Dada, mbona sioni kitu?" Nilikuwa nimekosea tarakimu moja tu, na mji huu ukirusha jiwe gizani litampata Juma.

Nikaongeza kosa la pili. Nilimpigia yule Juma mgeni nikamwomba anirudishie. Akaniitikia kwa upole kabisa, "sawa dada, hamna shida," akaenda akazitoa, akazima simu. Kwa hiyo ukikosea, wa kwanza kupigiwa ni huduma kwa wateja, papo hapo, huku pesa bado haijatolewa. Mpokeaji utamtafuta baadaye.

Tangu siku ile naamini kwamba ile skrini ya jina ndiyo kitu kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote vilivyomo kwenye simu. Haina rangi wala picha. Inakusimamisha tu, sekunde tatu, ikuulize: huyu ndiye? Aliyeiweka pale alijua vidole vinateleza. Tatizo ni kwamba tumeizoea, tunaipita kama tunavyopita kibao cha "punguza mwendo".

Na wezi wameielewa kutuzidi. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litatoka fulani" umeshaupata, usinidanganye. Uangalie vizuri ulivyotungwa. Kwa nini mwizi ajisumbue kukutajia jina? Kwa sababu anajua menyu italionyesha. Ukiliona kwenye kioo lilelile alilokuandikia, moyo unatulia: aah, kumbe sawa. Kinga imegeuzwa kuwa chambo. Niliwahi kumzuia mzee mmoja aliyekuja na kodi ya nyumba mkononi, ananionyesha ujumbe na kioo, "si unaona mama, jina limekubali." Nikamwambia, "Shikamoo baba, mpigie mwenye nyumba kwa namba yako ya zamani." Akapiga. Mwenye nyumba hakuwa ametuma ujumbe wowote.

Jina la kulinganisha ni lile ulilokuja nalo kichwani kutoka nyumbani. Lililoletwa na ujumbe halina ushahidi wowote. Vivyo hivyo kwa lipa namba dukani: muulize muuzaji kwanza, "jina linatoka nani?", ndipo ubonyeze. Maduka mengi bango linasema hili na jina la mwenye akaunti linasema lile, na hapo ndipo watu wanalipa hewa.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, maana huko ndiko ninakopigiwa simu usiku. Mama yangu anaishi Chanika peke yake, macho yamepungua nguvu, na simu yake ni kitochi. Zamani nilikuwa nikimnunulia umeme namtumia ujumbe wenye tokeni, zile tarakimu za kuingiza kwenye mita, halafu anakaa gizani akimsubiri mtoto wa jirani aje asome. Nikamlaumu bure kwamba hataki kujifunza. Siku moja nilikuwepo, nikamwona: tarakimu ishirini kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti, mita iko juu ukutani, kila akiinua macho akirudi amepoteza mahali alipofikia. Mimi mwenyewe nilijaribu nikakosea mara mbili.

Tulichofanya ni hiki. Nampigia, namsomea nne nne, naye anaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, mafungu matano. Halafu anaingiza fungu moja, anapumua, anaendelea. Tangu hapo hajamwita mtoto wa jirani.

Inawezekana kwa sababu mita yenyewe haihitaji mtandao. Kila kitu kimo ndani ya zile tarakimu ishirini: ni za mita ipi, ni uniti ngapi, zimetengenezwa lini. Mita inazifumbua yenyewe pale ukutani, na haikubali tokeni moja mara mbili. Hilo la "lini" ndilo lililotutoa jasho mwaka 2024. Mfumo wa mita za aina hii duniani ulikuwa unahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana ukinunua umeme kipindi kile ulipewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini: mawili ya kuiweka sawa mita, la tatu ndilo umeme. Watu walikimbilia la mwisho, likakataliwa, wakaja kwangu wakisema mita imekufa. Mmoja alishamtuhumu mpangaji mwenzake. Ushauri wangu hapo ni mdogo: ukipewa namba zaidi ya moja, ingiza kwa mpangilio zilivyokuja, na ujumbe usiufute mpaka taa iwake. Na nunua mchana, jamani.

Bodaboda za kwenye programu sina mengi. Pini ya ramani, ile alama ya mahali ulipo, usiiweke juu ya paa la nyumba yako, iweke pale pikipiki inapoweza kusimama, kwa muuza chipsi au mlangoni pa msikiti. Hata hivyo atakupigia tu kukuuliza "uko wapi hapo?", lakini angalau atakuwa mtaa uleule.

Mama naye kadibodi zake anazitunza chini ya godoro, sijui za nini. Ameshanogewa na nne nne zake. Juzi alinipigia nimwekee vocha fundi bomba, akanisomea namba ya simu ya yule fundi kutoka kwenye kadibodi: nne, akapumua, nne nyingine, akapumua. Kisha kimya.

"Mwanangu, zimebaki mbili. Na hizi nazo ni za nini?"