Hilo daftari la shukrani liweke kando kwanza, ulie

Usilinunue. Umeandika kwamba mumeo ana miezi miwili tu kaburini, umeapa kutolia tena mbele ya watoto, kila usiku utaandika mambo matatu ya kumshukuru Mungu, na unauliza usome maandiko gani. Dada, njia hiyo nimeipita, nikarudi nachechemea.

Siku tunamzika mke wangu, kaburi halijafukiwa, mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akaniambia machozi ya mwanamume ni dalili ya imani haba. Nikamwamini! Labda ni ile suti yake. Tangu hapo nikawa kinasa sauti. "Pole sana." "Mungu ni mwema." "Unaendeleaje?" "Mungu ni mwema." Hata mtu angeniuliza saa ngapi, jibu lilikuwa hilohilo. Daftari nililijaza likaisha, mwandiko safi kabisa, na hakuna ukurasa wenye jina la mke wangu.

Sasa sikia kilichonigharimu. Binti yangu alikuwa na miaka 9. Asubuhi moja namfunga vifungo vya sare, akauliza huku akitazama vidole vyangu, si uso: "Baba, mama ulikuwa unampenda?" Nikamwambia sana. Akasema, "Mbona hulii?" Kumbe miezi yote ile mtoto alikuwa analia ndani ya shuka peke yake, akidhani humo ndani aliyefiwa ni yeye tu. Kumrudisha kulichukua miaka. Mpaka leo akiwa na jambo zito anaanza na shangazi yake, mimi nasubiri taarifa ya habari.

Na yule mzee alikuwa akinisomea Ayubu, jamani! "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," akafunga kitabu. Kina sura 42, yeye kaishia ya 1! Sura ya 3 Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Sura ya 42 Mungu anawakasirikia marafiki waliokuja na mahubiri, si yeye aliyelalamika. Jema walilofanya ni kukaa naye chini siku saba kimya. Wangeaga siku ya nane wangekuwa watu wa maana.

Unataka maandiko? Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado ni sala. Yesu mwenyewe alilia kwa Lazaro, naye alijua anakwenda kumfufua.

Lia kwanza, watoto wakuone. Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine. Shukrani itakuja kwa miguu yake. Yangu ilikuja siku binti yangu alipocheka kicheko cha mama yake, kile cha kuishia na kikohozi. Nikajikuta nasema asante huku machozi yananitoka, vyote kwa mpigo.

Ukishindwa kabisa kujizuia, ukilinunua, ukurasa wa kwanza mwandikie mumeo. Mgombeze kidogo kwa kukuachia watoto peke yako. Hatakasirika.