Maswali yenu: wanadhiri, nywele na gharama zake

Mnadhiri ni mtu wa kufuga nywele kama Samsoni tu au kuna kingine?

Mnadhiri ni mtu aliyeweka nadhiri ya kujitenga kwa ajili ya Mungu. Nywele ndo zinaonekana, lakini kitabu cha Hesabu kwenye Biblia, sura ya 6, kina masharti matatu: asinyoe, asikaribie maiti hata akifiwa na mama yake mzazi, na asiguse kitu cha mzabibu, na hapo sio mvinyo peke yake, ni siki, zabibu mbichi, zabibu kavu, mpaka kokwa na maganda. Samsoni mi naona ni mfano mbovu kabisa, kwanza hakuapa yeye, malaika alimwambia mama yake kabla ya mimba, halafu kule Ashkeloni kaua watu 30 na kuwavua nguo, sasa maiti alizikwepa saa ngapi?

Wanawake waliruhusiwa?

Ndio, andiko linasema mwanamume au mwanamke. Ila Hesabu 30 inampa baba au mume nguvu ya kuitangua nadhiri ya binti au mkewe siku anaposikia, akinyamaza imepita. Mjane na aliyeachwa wanajisimamia. Mishna, yaani mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamtaja Malkia Helena wa Adiabene, ufalme wa zamani huko Mesopotamia, aliweka nadhiri ya miaka 7 mwanae arudi salama vitani, ikaja kurefuka sana, wapo wanaosema 14, wapo wanaosema 21.

Mtu akimfia pembeni ghafla je?

Siku zote za nyuma zimekufa. Siku ya 7 ananyoa, ya 8 anapeleka njiwa wawili, na mwanakondoo juu, anaanza upya. Hata kama kosa sio lake, ndio.

Nimefuga rasta kwa nadhiri, nikimaliza nifanyeje?

Ndugu yangu, kwa kufuata Torati hungeweza, hekalu lilibomolewa mwaka 70. Enzi zile unaenda mlangoni pa hema ya kukutania, baadaye hekaluni, na mwanakondoo dume, mwanakondoo jike, kondoo dume mkubwa, kikapu cha mikate isiyotiwa chachu, sadaka ya unga na ya kinywaji, unanyolewa hapohapo, nywele zinatupwa kwenye moto ulio chini ya sadaka ya amani, ndo unaruhusiwa mvinyo. Masikini angetoa wapi wanyama watatu? Ndo maana wenye uwezo waliwalipia wengine na ilihesabika ni jambo jema. Katika Matendo 21 Paulo kaambiwa awagharimie watu wanne wenye nadhiri wanyoe vichwa vyao, ili watu waone anaishika Torati, akakubali, na siku saba zilipokaribia kuisha wakamkamata humohumo hekaluni.