Jibu: Mshkaji kanitumia skrinshoti za app ambayo haijatoka, niposti?

Mkuu, unauliza kosa lako liko wapi ukiposti hizo skrinshoti za kampuni anayofanyia mshkaji wako hapa Dodoma wakati wewe hujasaini chochote. Sawa wewe hujasaini ila yeye kasaini kazini kutunza siri, na kwenye skrinshoti pale juu kulia kuna jina la akaunti ya majaribio, ofisini wakiona tu wanajua imetoka kwa nani, wiki haiishi utamkuta Nyerere Square na bahasha ya kaki anatafuta kazi. Na anayeposti naye anaweza kushtakiwa: Apple waliishtaki tovuti ya Think Secret 2005 kwa kuvujisha taarifa za bidhaa zao kabla hazijatoka, 2007 wakaelewana ifungwe, chanzo hakikutajwa.

Ingekuwa kampuni inaficha uhalifu hapo ni ishu nyingine, kuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, aende kwenye mamlaka husika sio kwako. Ila muonekano mpya na bei ya kifurushi? Huo umbea tu (na mimi umbea wa tech naupenda kinoma, tusidanganyane). Subiri wazindue ndo uwachambue mpaka waombe poo. Na kama ushazirusha kwenye grupu la WhatsApp zifute saa hii.