Kiti Kiuzwe, Kisa Kisifungiwe

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza iwapo ni haki kwa waandaaji wa matamasha ya michezo kutoza fedha nyingi kwa meza maalumu za michezo ya kuigiza uhusika, hasa pale ambapo mchezo wenyewe hauchezwi wala hauuzwi mahali pengine popote. Ninasimamia meza ya vijana hapa Mombasa, mtaa wa Makadara, na jibu langu lina pande mbili: kiti na kiuzwe, hata kwa bei ya juu, lakini kisa kinachochezwa kisifungiwe ndani ya ukumbi.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, watu watano au sita huketi mezani, kila mmoja akiwa amebeba mhusika wake, naye msimamizi, akifuata kisa kilichoandikwa, huwasimulia yanayowakabili, kisha maamuzi yao pamoja na dadu, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya nyuso 20, huamua mambo yatakavyokwenda. Msimamizi mmoja, kwa hiyo, hawezi kuwahudumia watu mia kwa wakati mmoja. Anatumia saa nne kwa watu sita, na kabla ya hapo amekwisha kukisoma kisa mara kadhaa, kuchora ramani na kuandaa wahusika. Anayedai kwamba kazi hiyo ifanywe bure kwa sababu eti ni mchezo tu, ama hajawahi kuifanya, ama ana jamaa wa kumlisha.

Wala kulipa si jambo geni. Gary Gygax, ambaye baadaye alishiriki kubuni mchezo wa kuigiza uhusika wa Dungeons & Dragons, alipoandaa tamasha la kwanza la michezo la Gen Con mwaka 1968, katika mji mdogo wa Lake Geneva huko Marekani, aliukodi ukumbi kwa dola 50 na kutoza kiingilio cha dola 1. Tamasha hilo, ambalo tangu 2003 hufanyika Indianapolis, lilipokea zaidi ya watu 70,000 mwaka 2023, na leo mtu hulipa kiingilio kwanza, kisha hununua tikiti ya kila meza anayotaka kuketi. Utaratibu huo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni juu ya maandishi ya visa. Zamani kulikuwa na sababu ya kuyaficha: visa vingi viliandikwa kwa ajili ya mashindano, ambamo meza nyingi zilicheza kisa kimoja na kundi lililofika mbali zaidi likatangazwa mshindi, kwa hiyo ilikuwa lazima asiwepo aliyekwisha kukisoma. Tomb of Horrors, kisa cha Gygax chenye mitego ya kikatili, kilichezwa hivyo katika tamasha la kwanza la Origins mjini Baltimore mwaka 1975. Lakini mashindano yakiisha, siri nayo imekwisha kazi yake, na kisa hicho kilichapishwa kwa wote mwaka 1978. Kisa kingine, Lost Tamoachan, kiliuzwa katika Origins ya 1979 kwa nakala takriban 300 tu, na mwaka uliofuata kikatolewa upya kwa wanunuzi wa kawaida. Wakusanyaji bado wanazitafuta zile nakala za mwanzo kwa bei kubwa, na hilo halimdhuru yeyote, kwa kuwa anayetaka kucheza anacho cha kuchezea.

Siku hizi naona mambo yakigeuka. Kisa hutangazwa kuwa cha tamasha pekee, hakina mashindano yoyote ndani yake, na miaka hupita bila ya kutolewa, si kwa karatasi wala kwa PDF. Upekee umekuwa ndiyo bidhaa yenyewe.

Sasa tuitazame hesabu tukiwa upande huu wa pwani. Tamasha likiwa Nairobi, nauli ya treni ya Madaraka Express katika daraja la kawaida, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, na hapo hujalipa matatu ya kukufikisha Miritini wala ya kukutoa Syokimau hadi mjini, hujalala na hujala. Kijana wa bandarini anayelipwa kwa siku anapoteza pia ujira wa siku alizosafiri. Tamasha likiwa Marekani, ada ya kuomba viza pekee ni dola 185, yaani karibu shilingi 24,000, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Tikiti ya meza, kando ya haya yote, ni senti. Waandaaji wakiipunguza bei kwa nusu watapigiwa makofi na wakazi wa mji wao, ila kwetu hakitabadilika chochote.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba sehemu ngumu ya jambo hili imekwisha kutatuliwa. Tangu Januari 2023 kiini cha kanuni za Dungeons & Dragons kimewekwa chini ya leseni huria, hivi kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kukipakua, kukichapisha na hata kukitafsiri. Vijana wangu hucheza kwa kurasa zilizotolewa fotokopi na dadu tunazopokezana. Kanuni tunazo, meza tunayo, na wasimulizi, katika mji wenye mabaraza kama huu, hawajawahi kutupungukia.

Najua wapo watakaosema kwamba kisa kikijulikana kuwa kitatolewa, watu hawatakuja tamashani. Sikubaliani nao. Mtu huenda kwa sababu ya msimamizi mahiri, ya kuketi na wageni asiowajua, na ya kuwa wa kwanza kukicheza. Hayo hayamo katika PDF. Na wabaki na upekee wao kwa mwaka mmoja, tena wauze nakala ya ukumbini yenye jalada zuri na saini ya mwandishi. Baada ya mwaka watoe maandishi matupu kwa bei ya kawaida, na siku ya tamasha yenyewe watangaze tarehe ya kuyatoa, ili sisi tulio mbali tuweze kuweka akiba.