Rajabu na Senene wa Novemba

BARUA ZENU, MAJIBU YANGU

*Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya. Mhusika wangu, Rajabu, ni Mnubi wa Bombo, jamii iliyohesabiwa upande wa Amin. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, anaingia Kampala, anajipa jina la Kiganda na kuishi nalo miaka na miaka. Ukweli nimeuficha hadi sura ya mwisho ili msomaji ashtuke. Rafiki zangu wameisoma, hakuna aliyeshtuka. Mmoja alisema tu "kumbe". Nimekosea wapi? – M., Nsambya*

Marahaba, mwanangu. Hiyo "kumbe" ni uhakiki kamili. Msomaji husema kumbe anapoambiwa jambo ambalo halijamgharimu mtu yeyote tangu ukurasa wa kwanza. Nimesoma sura ulizonitumia: Rajabu anaamka, anakunywa chai, anaenda gereji, anarudi kulala. Anaishi kama Mganda wa kuazima bila jasho hata kidogo. Siri unayo wewe mwandishi, yeye hana habari nayo.

Mimi ningemfunulia msomaji mapema kabisa, kisha nimwache amtazame Rajabu akihangaika.

Anza na jina. Kampala hujipachiki jina la Kiganda ukaachwa hivyo hivyo. Majina mengi ya Kiganda yana ukoo ndani yake. Mzee akilisikia ameshajua wewe ni mtu wa wapi, na asipojua atakuuliza: *Weddira ki?*, yaani wewe ni wa ukoo gani? Utajibu Mmamba, au Nkima, au Ng'onge, naye ataendelea: baba yako nani, babu yako nani, wazee wenu wamezikwa kijiji gani. Tuseme Rajabu aliliokota jina lake kwenye kibao cha duka pale Katwe, hajui kwamba ni jina la watu wa ukoo wa Nsenene. Basi tangu siku hiyo yeye ni mtu wa Nsenene, na mtu wa Nsenene hali senene.

Unaona ulivyopewa mali bure? Novemba inafika, mvua zinapiga, senene wanafuata taa usiku. Asubuhi akina mama wamekaa na mabeseni wakinyonyoa mabawa na miguu, na ikifika jioni barabara nzima inanukia vitunguu na senene wa kukaanga. Rajabu anawapenda senene tangu utotoni. Fundi mwenzake anamnyooshea karatasi iliyojaa, bado wa moto. Wenzake wanatazama. Rajabu anameza mate, anasema, "Asante ssebo, kwetu ni mwiko." Na wenzake wanatikisa kichwa kwa heshima, maana kijana wa mjini anayeshika miiko ya ukoo wake ni kijana aliyelelewa! Hapo una njaa yake, una uongo wake, na una watu wanaomsifu kwa uongo huohuo. Andika hiyo gereji polepole, usiikimbie.

Halafu yule mchumba uliyemleta sura ya tisa ukamsahau. Mfanye naye awe wa Nsenene. Kwa mila za Kiganda watu wa ukoo mmoja hawaoani, wanahesabiwa kaka na dada. Sasa Rajabu atafanyaje? Amwambie "mimi si ndugu yako" na hapohapo awe amejitaja, au anyamaze ampoteze kwa ajili ya damu ambayo hata hana. Na akitafuta msichana wa ukoo mwingine, kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, inamngoja: mahema yamejaa wageni, na msemaji wa upande wake anatakiwa kuutaja ukoo, baba na babu kwa sauti. Akodi baba? Kampala kuna masimulizi tele ya watu waliokodi. Ukilichukua hilo, huyo mzee wa kukodi mpe sura yake mwenyewe, mimi nitaisoma kwa furaha.

Jambo moja bado. Usiwafanye majirani wote wajinga, mtaa haudanganywi miaka yote hiyo. Mama mwenye nyumba anajua. Alimsikia siku moja nyuma ya mlango akihesabu noti kwa Kinubi. Hajasema kitu kwa sababu Rajabu hulipa kodi kabla ya mwezi kwisha. Siku Rajabu atakapochelewa kulipa, itakuwaje?

Mwaka 1995 Katiba mpya iliwaorodhesha Wanubi kati ya jamii asilia za Uganda. Piga hesabu Rajabu ana umri gani mwaka huo. Sheria imeshamruhusu kuwa Mnubi mchana kweupe, naye ana watoto wenye majina ya Nsenene ambao hawajawahi kuonja senene. Mimi naona riwaya yako inaishia hapo, mezani na watoto hao. Ile sura ya kushtua itupe.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha sekondari Mbale. Darasa langu limegawanyika kuhusu* Rosa Mistika. *Wavulana wanasema Rosa alijiharibu mwenyewe kwa kuishi maisha mawili. Wasichana wamenuna, hawasemi. Niwaambie nini?*

Waulize wavulana Rosa alijifunzia wapi kuficha. Katika riwaya hiyo ya Kezilahabi ya mwaka 1971, Zakaria anampiga bintiye kipigo cha kutisha kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu. Msichana aliyepigwa hivyo anatoka na somo moja: kosa ni kuonekana. Akifika shuleni, mbali na macho ya baba, analitumia. Zakaria mwenyewe ni mlevi, kijiji kizima kinajua, na ulevi wake haujawahi kuhitaji maficho. Msichana afiche, baba aropoke barabarani, na nyumba hiyo iitwe ina adabu.

Kisha mfike kwa Charles, mchumba anayemwacha Rosa kwa sababu ya yaliyopita. Uliza darasa: na ya Charles nani aliyafukua? Nyamaza kidogo hapo. Wasichana wako hawatanuna tena, na wewe jiandae kwa kelele.

Waambie pia kwamba kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Wakubwa walishika barua wakatafuta fimbo, kama Zakaria.

*Habari Mwalimu. Mimi ni mtu wa boda, Gulu. Yule Ocol wa Okot p'Bitek ni mnafiki au anaamini kweli anayoyasema?*

Anaamini. Ndiyo maana anatisha kuliko mnafiki. Katika shairi la Okot la 1966, *Wimbo wa Lawino*, tunamwona Ocol kwa macho ya mkewe Lawino tu, mwanamume anayeona aibu kwa kila kitu cha Kiacholi huku akimkimbilia Clementine mwenye midomo myekundu. Lakini katika lile la 1970, *Wimbo wa Ocol*, anaposema mwenyewe, kuna mahali anamlilia mama yake kwa nini alizaliwa mweusi. Soma hapo ukiwa umeegesha pikipiki.

*Kiswahili chako si cha Uganda. Wewe kabila gani? – Msomaji, Masaka*

Baba Mlugbara, mama Msoga, nimezaliwa kambi ya jeshi Jinja, ambako ukigombana na mtoto wa jirani kwa lugha ya kwenu hakuna wa kukuamulia. Tulitukanana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Najua huko kwenu wapo wanaokiita lugha ya askari na wezi. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, kwa hiyo malalamiko yaliyobaki peleka kwao.