Fimbo za gofu zikipumzika: maswali yenu kuhusu Mtwara na Lindi

Tunamaliza mashindano ya gofu Lugalo, Dar es Salaam, Jumapili. Tuko wanne, gari tunalo, tunateremka Mtwara taratibu. Tulale wapi njiani?

Laleni Kilwa Masoko, tena usiku mbili kama likizo inaruhusu. Mkifika Nangurukuru, iacheni barabara kuu mshike kushoto. Asubuhi chukueni kibali palepale Masoko, mpate na mwongozaji, mvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Wageni wengi hupiga picha Gereza, ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, basi, wanarudi. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Tembeeni mpaka Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14, mlione birika lake la pembe nane, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, na bahari iko chini yenu. Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na magofu ya Songo Mnara, kisiwa jirani. Kisiwani wanaishi watu na ni Waislamu, kwa hiyo vaeni nguo za heshima, na msimpige mtu picha bila kumwomba.

Gofu ni ya mume wangu. Mimi na watoto tunataka bahari tu.

Msimbati, dada yangu. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, kwa hiyo kuna kiingilio. Njia ina mchanga, gari liwe la juu. Bebeni maji na chakula, na kabla watoto hawajaingia majini waulizeni wavuvi mkondo ukoje siku hiyo.

Nina nusu siku tu Mtwara mjini.

Panda bajaji uende Mikindani, kilomita kama 10. Utaona Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mji huuhuu, mwaka 1866.

Nitajuaje kinyago cha Kimakonde ni cha mpingo kweli?

Kigeuze uangalie kitako. Mpingo ni mweusi mpaka ndani, na mara nyingi hubaki na ukanda wa manjano hafifu pale palipokuwa karibu na gamba. Halafu kipime mkononi: mpingo ni mzito, majini unazama. Sugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheusi, kinyago kimepakwa kiwi ya viatu. Ukiridhika, usimkandamize fundi kwa bei. Kazi ile ni ya siku nyingi.

Tuje lini tukute korosho?

Oktoba hadi Desemba, mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakianguka. Onjeni bibo bivu, lina maji mengi na ukakasi, ila doa lake halitoki kwenye nguo. Korosho mbichi msiing'ate kamwe, mafuta ya ganda lake yanababua midomo. Mkipata siku ya ziada pandeni Newala, msimame Shimo la Mungu mlitazame bonde lote la Ruvuma. Chukueni na sweta, kule juu jioni kuna baridi.