Kabla hujalipia programu ya kutunza mahitaji ya mradi, angalia kwanza mteja wako anaongelea wapi

Mkuu umeuliza mko wanne, mnatengeneza mfumo wa SACCOS, mtumie programu gani kutunza mahitaji ya mteja, yaani yale anayotaka mfumo ufanye, maana Excel imeanza kuwachanganya. Mie nipo Tanga hapa, Ngamiani, na hiyo Excel ishanitia hasara, ngoja nikupe kisa.

Tulipata kazi ya mfumo wa stoo kwa mzee mmoja ana maghala ya mkonge. Mahitaji tukayapanga kwenye Excel safi kabisa, mistari 60 na kitu. Sasa mzee yule imeili hafungui, yeye ni voisi noti tu za WhatsApp, leo anataka hivi kesho vile, na kila mtu wa timu ana kopi yake, "mahitaji_mwisho", "mahitaji_mwisho_kabisa", ndo ikawa vurugu. Siku ya kukabidhi anauliza mbona risiti haionyeshi daraja la mkonge, 3L au UG, si nilishasema mie! Tukatafuta weee. Kweli alisema, imo kwenye voisi noti ya dakika nne, katikati ya habari za msiba. Wiki tatu tukarekebisha bure.

Kwa hiyo usianze na jina la programu. Angalia hitaji lina namba isiyobadilika, ukilifungua unaona nani kabadili nini na lini, na unaweza kuliunganisha na kazi na testi yake. Google Sheets historia inayo, tena hata ya seli moja moja, ila kuunganisha utabaki unabandika linki kwa mkono mpaka uchoke.

Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, ni bure hadi watu 10, tukakaa nayo miezi minne. Nzuri, lakini inafuata kazi tu, kila kazi ina tiketi yake, na tiketi ikifungwa hitaji linazama nayo, wakati hitaji linatakiwa liishi hata kazi ikiisha. Ukitaka zaidi unanunua plagini, yaani nyongeza za kuchomeka. DOORS, programu ya mahitaji ya IBM, achana nayo, ile ya watengeneza ndege na magari wanaotakiwa wamwonyeshe mkaguzi kila hitaji lilipimwa wapi.

Sisi tumeishia Redmine, nayo ni programu ya kufuatilia kazi za mradi. Ipo tangu 2006, bure, tumeiweka kwenye sava ndogo ya kukodi, mahitaji tumeyatengea aina yake mbali na kazi na kila badiliko linajiandika lenyewe. Sura yake ya kizee kweli, kuiapdeti kunatoa jasho, na bekapu ni juu yako (usiniulize nimejuaje).

Ila mzee hatukumpa akaunti, angeingilia wapi! Kijana wetu mmoja kila jioni anasikiliza voisi noti zote, anaandika hitaji, halafu anamrudishia WhatsApp sentensi moja: "Shikamoo mzee, hitaji namba 41, risiti ionyeshe daraja la mkonge, ni sawa?" Akijibu sawa, skrinishoti inabandikwa humo humo kwenye hitaji. Akikataa siku nyingine tunamtumia hiyo hiyo, anacheka, tunaongea bei.

Sasa nyie huko SACCOS nani ana mamlaka ya kusema sawa, meneja au bodi? Kama ni bodi niambie, maana hapo itabidi kila kikao mfunge orodha nzima ya mahitaji kama toleo moja lisiloguswa tena, na Redmine peke yake haikufanyii hilo vizuri.